Ndani ya Nyumba: Nani kaharibu kompyuta?

Mwezi huu niliwaahidi tuzungumzie mambo ya mawifi, na ahadi yangu iko palepale, ila naomba mnivumilie niisogeze hadi mwezi ujao. Kuna jambo limetokea nyumbani kwangu ambalo nikilikalia kimya nitakuwa sijawatendea haki, hasa ninyi mnaotumia kompyuta moja watu wawili.

Msiogope, siyo fumanizi. Ni kompyuta tu. Lakini nawaambieni, kwa wiki mbili nzima kompyuta ile ilitufanya tuchuniane kama watu waliofumaniana.

ILIVYOANZA

Kompyuta yetu ni ya mezani, ipo kwenye kona ya sebule, na inatumia Windows. Mchana ni yangu: natengeneza kadi na risiti za biashara yangu ya keki. Usiku ni ya Baba Imani: anamalizia kazi za ofisini, akichoka anacheza gemu lake la mpira. Miaka yote tumeishi nayo kwa amani.

Siku moja niko katikati ya kazi ya mteja, skrini ikageuka bluu yote, ikaandika maneno mawili matatu, ikajizima na kujiwasha yenyewe. Nikasema ni umeme. Kesho yake tena. Halafu programu zikaanza kugoma kufunguka, kila moja inakuletea ujumbe kwamba faili fulani la mfumo limeharibika au halionekani. Leo faili hili, kesho lile.

Baba Imani siyo fundi, lakini siyo mgeni wa kompyuta. Akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akaandika sfc /scannow, amri inayoiambia Windows ijikague yenyewe. Tukasubiri weee. Jibu likaja: mafaili mabovu yamepatikana, ila baadhi yameshindikana kutengenezwa. Akarudia. Jibu lilelile. Akarudia mara ya tatu, kama mtu anayeipigia simu iliyozimwa.

Hapo ndipo maneno yalipoanza.

"Mama Imani, hizi flashi za wateja wako unazichomeka bila hata kuzikagua virusi. Unaona sasa?"

Jamani, nilimaindi! "Flashi zangu? Na hayo magemu unayoshusha ya bure usiku wa manane, Baba Imani, hayo hayana virusi?"

Akauchuna. Nami nikauchuna. Siku hiyo tulikula chakula cha usiku tunasikilizana kutafuna.

Kuanzia hapo kila skrini ilipogeuka bluu, mmoja wetu alivuta pumzi kwa sauti ili mwenzake asikie. Si mnajua tena zile pumzi? Hazina neno ndani yake, ila zinauma kuliko matusi. Nikaanza kuhesabu saa anazokaa kwenye gemu. Yeye naye, nilipokuja kumuuliza baadaye, alikiri alikuwa anahesabu flashi mezani kwangu.

Mwisho nikachoka, nikapita kwa fundi mmoja wa mjini. Nikamweleza. Hata sijamaliza, akanijibu: "Hiyo tunapiga Windows upya tu dada. Ilete asubuhi, jioni unaichukua." Nikafurahi. Tukakubaliana bei, tukakubaliana Jumatatu.

SWALI LA SHEMEJI

Jumapili ile akaja shemeji yangu, mdogo wake Baba Imani, kula nasi mchana. Kazi yake ndiyo hizi, anashughulikia kompyuta za ofisini kwao. Tulipomaliza kula nikamwambia, kama mzaha, kwamba kaka yake ameniharibia kompyuta na kesho inakwenda kupigwa Windows. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Shemeji," akasema, "kabla hatujagusa kitu chochote. Humo ndani kuna nini ambacho kikipotea mtalia?"

Baba Imani akasema ripoti zake za ofisini zipo kwenye imeili. Mimi nikataja orodha ya wateja ninaowadai. Shemeji akasubiri. Ndipo mimi na mume wangu tukaangaliana, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi tunaangaliana machoni.

Video ya mama.

Wengine mnaonisoma siku nyingi mnajua kwamba mama yangu alifariki 2019. Kwenye send-off yangu, mwaka 2016, alisimama akazungumza kama dakika nne. Mama hakuwa mtu wa kushika kipaza sauti, lakini siku ile alikishika. Alituusia, akatuombea, akamtania mkwewe, ukumbi mzima ukacheka. Video ile alirekodi ndugu yangu kwa simu, na simu yenyewe iliibiwa zamani. Ilikuwa kwenye kompyuta ile tu, kwenye folda moja iliyoandikwa "Mengineyo".

Nikamkumbuka fundi wangu wa Jumatatu. Hakuniuliza swali lile, na mimi sikumwambia. Kupiga Windows upya, kwa jinsi mafundi wengi wanavyofanya, ni kufuta diski na kuanza moja. Yaani ningembebea mimi mwenyewe sauti ya mama yangu akaifute, halafu nimlipe na kumshukuru.

VIKOMBE VYA WAGENI

Shemeji akachomeka diski yake ya nje, akaanza kunakili vitu vyetu. Wakati tunasubiri nikamuuliza, hivi hili kosa ni nini hasa? Akanieleza kwa namna ambayo hata mimi wa keki nilielewa, nami nawapa kama nilivyopewa.

Windows siyo kitu kimoja. Ni maelfu kwa maelfu ya mafaili, na mengi ya muhimu yanakaa kwenye folda iitwayo System32. Sasa chukulia una shughuli nyumbani na vikombe vya wageni viko mezani. Ile amri ya sfc ni shangazi anayepita mezani kukagua kimoja kimoja. Akikuta chenye ufa, anakitoa, anakwenda kwenye kabati la akiba kuchukua kizima. Windows nayo ina kabati lake la akiba, folda iitwayo WinSxS. Mambo yakiwa sawa, shangazi anabadilisha na shughuli inaendelea.

Lakini je, akifungua kabati akakuta na vya akiba vina ufa? Hapo ndipo anakuja kukwambia: nimeviona vibovu, ila vingine nimeshindwa. Ndilo jibu alilokuwa anapewa Baba Imani. Kumtuma shangazi mara ya pili na ya tatu hakusaidii kitu kama kabati ni lilelile.

Kazi ya kujaza kabati ni ya amri nyingine, DISM. Hiyo inatoka nje, inakwenda kwenye hazina ya Microsoft kwa njia ya intaneti, inaleta mafaili mazima na kuyaweka kabatini. Ndiyo maana inatangulia DISM, halafu inafuata sfc. Kwanza jaza kabati, ndipo umtume shangazi mezani.

"Basi tupige hiyo DISM," Baba Imani akasema, tayari kashika kibodi.

"Kaka subiri," shemeji akamzuia. "Vikombe vya mezani vimepasuka na vya kabatini vimepasuka. Hujiulizi nani anavipasua?"

ANAYETAJWA SIYE MKOSAJI

Hapa akatupa mfano ninaoupenda sana. Wale mliokuwa chuo enzi za Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, mnaweza kukumbuka ujumbe uliokuwa unasumbua watu: kompyuta inagoma kuwaka, inasema faili hal.dll halipo au limeharibika. Watu walihangaika kutafuta hal.dll nyingine kila kona. Kumbe mara nyingi hal.dll lilikuwa limekaa zake salama mahali pake. Lililokosewa lilikuwa boot.ini, kijifaili kidogo cha maandishi kinachoielekeza kompyuta Windows iko sehemu gani ya diski. Kompyuta ilielekezwa nyumba siyo, ikabisha hodi, ilipokosa kujibiwa ikatangaza kwamba mwenye nyumba hayupo.

Faili linalotajwa kwenye kosa ni pale kompyuta ilipojikwaa. Siyo lazima liwe ndilo lililoweka jiwe njiani. Na ukiona kila siku linatajwa faili jingine, kama letu, ujue shida haiko kwenye faili lolote kati ya hayo. Kuna kitu chini yake kinayaharibu. Inaweza kuwa diski inayokufa. Inaweza kuwa umeme unaokatika kompyuta ikiwa katikati ya kuandika. Inaweza kuwa virusi. Na inaweza kuwa RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo kila faili linapita wakati wa kusomwa na kuandikwa. RAM ikiwa mbovu ni kama mhudumu mwenye mikono inayotetemeka: hata ukimpa vikombe vipya kutoka dukani, atavifikisha vimevunjika.

Nikiri kwamba aliposema "virusi" nilimtupia jicho Baba Imani. Naye alikuwa ananitupia mimi.

Kunakili kukaisha. Shemeji hakuridhika, akasema nakala ambayo haijafunguliwa siyo nakala. Akafungua ile video kutoka kwenye diski yake.

Mama akatokea, na kitenge chake cha kijani. Akasema, "Wanangu..." Halafu picha ikavunjika vipande vipande vya mraba, sauti ikakwama, ikaruka, ikakwama tena.

Sitaki kuwadanganya, nilitoka nikaenda kusimama jikoni. Baba Imani akanifuata. Hakusema kitu, na mimi sikuwa na nguvu ya kumlaumu mtu. Tulisimama tu pale kwenye sinki.

KIJITI KIGENI

Tuliporudi, shemeji alikuwa mtulivu, akasema msikate tamaa mapema. Akauliza maswali mawili, na hayo nayo yawekeni akilini: lini ilianza, na siku zile kitu gani kilibadilika?

Nikasema ilianza kama wiki tatu hivi. Kubadilika? Hakuna kilichobadilika. Baba Imani kimya.

Shemeji akakagua kwanza diski, akaona haina malalamiko. Akaandika mdsched kwenye sehemu ya kutafutia, hicho ni kipimo cha RAM ambacho kimo ndani ya Windows yenyewe. Kompyuta ikajizima, ikawaka, ikaanza kujipima. Haikufika mbali kabla ya kuandika kwamba imegundua hitilafu ya kifaa.

Akaizima kabisa, akachomoa waya ukutani, akashika kidogo bati la boksi ili kutoa umeme wa mwilini, akachukua bisibisi na kulifungua lile boksi ambalo wengi wetu tunaliita CPU. Akamulika na tochi ya simu.

"Hapa kuna vijiti viwili vya RAM," akasema. "Kimoja kina vumbi la miaka yote. Hiki kingine ni kigeni. Nani kakiweka?"

Nikasema hakuna aliyekiweka, hii kompyuta haijafunguliwa tangu tuinunue.

"Mimi," akasema Baba Imani.

Ikabidi aseme. Wiki moja kabla mambo hayajaharibika ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa. Nilikuwa nimelalamika mwezi mzima kwamba kompyuta ni nzito, kadi moja ya harusi inanichukua nusu saa kufunguka. Mwenzangu akaenda akanunua kijiti cha RAM kilichotumika, maana kipya kilimshinda bei, akakiweka usiku nimelala. Asubuhi aliniambia tu, "Jaribu leo, nimeisafisha." Na kweli ilikuwa nyepesi! Nilimsifia. Alitaka iwe zawadi ya kimyakimya, aone nafurahi bila kujua sababu.

Halafu kompyuta ilipoanza kugoma, akapata wasiwasi. Akaogopa kusema. Akatafuta kosa kwenye flashi zangu kwa sababu lile la pili lilikuwa linamuuma.

Shemeji, Mungu ambariki, akajifanya hasikii. Akatoa kijiti kigeni, akaacha cha zamani, akapima: safi. Akahamishia kile cha zamani kwenye tundu la kigeni, akapima: safi, kwa hiyo tundu ni zima. Akaweka kile kigeni peke yake: makosa. Kesi ikaisha.

Akarudisha kijiti cha zamani peke yake, akawasha, akafungua ile video. Siyo ile nakala, ile ya asili, iliyokuwa imekaa kwenye folda ya "Mengineyo" tangu 2016.

Mama akasema dakika zake zote nne.

Sababu ni rahisi. Video ile iliandikwa kwenye diski miaka mingi kabla ya kijiti kile kuja, kwa hiyo yenyewe ilikuwa nzima. Nakala ndiyo ilipita kwenye RAM mbovu wakati wa kunakiliwa, ikaharibikia njiani. Angekuwa mtu wa haraka, anakili, asifungue kuangalia, afute diski, leo nisingekuwa na kitu. Alinakili upya, akafungua tena, tukaangalia mpaka mwisho mara ya pili. Hakuna aliyelalamika kurudia.

DAWA, KWA MPANGILIO WAKE

Baada ya chanzo kuondoka, ndipo dawa zikafanya kazi. Tuliunga intaneti ya simu, DISM ikaanza. Iliganda kwenye asilimia moja kwa muda mrefu mpaka nikadhani imekufa, kumbe ndivyo ilivyo, inataka subira. Ilipomaliza tukampeleka shangazi sfc mezani. Safari hii akasema mafaili mabovu yamepatikana na yote yametengenezwa. Tukaizima, tukaiwasha, tukarudia: hakuna tatizo lolote.

Programu yangu ya kadi tu ndiyo iliendelea kugoma. Nikaiondoa na kuiweka upya, maana sfc inatengeneza mafaili ya Windows peke yake, haigusi ya programu ulizoweka mwenyewe. Na zile risiti nilizoandika ndani ya wiki nne zile nilizifungua moja moja. Mbili zilikuwa zimeharibika, nikaziandika tena.

Kwa faida yenu, mkate kipande hiki mkibandike karibu na kompyuta:

1. Kabla ya kugusa kitu, jiulizeni kikipotea nini mtalia. Kinakilini kwenye diski ya nje, fungueni nakala muone ni nzima, na ya asili msiifute. Kwa vitu vya thamani muwe na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba: kwa ndugu, au kwenye hifadhi ya intaneti.

2. Ulizeni lini ilianza na nini kilibadilika siku zile. Kifaa kipya, programu mpya, umeme kukatika, chochote. Aliyefanya aseme bila kuogopa.

3. Pimeni vifaa kabla ya kutengeneza mafaili. RAM: andikeni mdsched, na kama mna muda mwacheni MemTest86 afanye kazi usiku kucha, yeye ni mkali zaidi. Diski: chkdsk C: /f, mkiulizwa kama ifanyike kompyuta ikiwaka upya mjibu Y. Kama diski inatoa milio ya ajabu, okoeni vitu kwanza, kipimo baadaye.

4. Kufungua dirisha jeusi: andikeni cmd kwenye sehemu ya kutafutia, bofyeni kitufe cha kulia cha kipanya, mchague mstari wenye neno administrator. Bila hivyo amri hizi zinagoma.

5. Kwenye Windows 10 na 11 anzeni na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, muwe na bando la kutosha. Ikiisha, sfc /scannow. Kompyuta izimwe na kuwashwa, mrudie sfc mara moja kuhakikisha. Mkitaka kujua ni faili gani limekataa, maelezo yapo kwenye CBS.log, ndani ya folda C:\Windows\Logs\CBS.

6. Vikishindikana vyote, bado siyo lazima kufuta. Shusheni Windows kutoka kwa Microsoft wenyewe, mkiwa ndani ya Windows fungueni setup.exe, mchague kubaki na mafaili na programu zenu. Inajitengeneza juu ya ile ya zamani. Na kama bado mko kwenye Windows 10, mkumbuke usaidizi wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo hapo ndipo pa kufikiria kuhama kama kompyuta yenu inaruhusu.

7. Msishushe faili moja la mfumo kutoka kwa watu msiowajua mkalitumbukiza System32. Hujui kilichomo, na mara nyingi hata silo lenye kosa.

8. Mkienda kwa fundi, semeni wenyewe: humu kuna vitu vyetu, usifute. Fundi hawezi kujua yaliyomo moyoni mwako.

NA SISI JE?

Najua mnasubiri hapa. Shemeji alipoondoka tulibaki wawili sebuleni na kile kijiti mezani. Maneno ya kumwambia nilikuwa nayo mengi, wala sikukosea kuwa nayo. Wiki mbili ameninunia kwa kosa alilolijua. Wiki mbili flashi zangu zimesingiziwa.

Lakini na mimi nikajiuliza. Kwa nini aliogopa kusema? Kwa sababu siku ya kwanza tu skrini ilipogeuka bluu, kabla sijauliza chochote, nilikuwa nimeshampata mkosaji: ni gemu. Nyumba ambayo kila kosa linapata mtu kabla halijapata sababu, mtu anajifunza kuficha. Kwa hiyo nilimwambia mambo mawili. La kwanza, kwamba aliniumiza, na safari nyingine aseme siku ileile hata kama nitapiga kelele. La pili, asante kwa zawadi.

Akacheka, kisha akaomba msamaha, ule wa kweli, usio na "lakini" ndani yake. Nami nikamwomba wa kwangu, wa gemu.

Kwa hiyo wapenzi wangu, mwezi huu kazi ya nyumbani ni moja. Leo usiku, kabla ya taarifa ya habari au tamthilia, kaeni wawili mbele ya kompyuta yenu, au hata simu, muulizane lile swali la shemeji: humu kuna nini ambacho kikipotea tutalia? Mtashangaa majibu ya mwenzako. Mimi nilidhani Baba Imani atataja matokeo ya gemu lake. Tulipounakili upya ule mzigo, alichokuwa anakihakikisha mara mbili mbili ni ile video ya mama mkwe wake anayemtania.

Mwezi ujao ni mawifi, safari hii siwaangushi. Endeleeni kuniandikia, nasoma zote. Tukutane panapo majaliwa.